Ukomo wa Mafao na Mguu wa Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa Hospitali alinikuta nimesimama mlangoni kwake tangu misa ya asubuhi haijaisha. Alikuwa mzee mfupi, mtu wa Namswea, aliyevaa sweta mwaka mzima. Alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Wewe ndiye uliyetoka seminari?"

"Ndiyo, Katibu. Shikamoo."

"Marahaba. Upadri umekushinda?"

"Haukunishinda, Katibu. Walezi walinishauri nijaribu maisha mengine."

"Ni kitu kilekile, ila wewe umekisema kwa adabu. Basi kuungamisha watu hujui, lakini kuwasikiliza umefundishwa. Utakaa dirisha la bima."

Dirisha la bima lilikuwa tundu ukutani, karibu na mapokezi, lina nondo kama la mahabusu. Wakati ule bima ya afya ilikuwa jambo geni Mbinga. Watu walizoea kuuza kahawa au mbuzi ndipo wamlete mgonjwa. Mfuko uliotuhusu sisi ulikuwa mdogo, wa watumishi wa hospitali, shule na ofisi za kanisa, nami hapa nitauita Mfuko tu. Mtumishi aliyekatwa mshahara kila mwezi aliitwa mchangiaji. Mke, watoto na wazazi aliowaandikisha waliitwa wategemezi. Huduma ambazo Mfuko ulikubali kuzilipia ziliitwa mafao, na pale malipo yalipokoma paliitwa ukomo. Neno hilo la mwisho ndilo lililonipa kazi kubwa kuliko yote, maana mgonjwa anapoingia hospitali hafikirii ukomo. Anafikiria kupona.

Katibu alinifundisha utaratibu wake mwenyewe. Mtu akija dirishani, msalimie mpaka salamu iishe, umuulize habari za nyumbani na za shamba, ndipo uombe kadi. Nikamwambia foleni itakuwa ndefu. Akajibu, "Foleni ya watu waliosalimiwa haipigi kelele." Nilimfuata, nikaona ni kweli.

Baada ya miaka kadhaa Sista Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa madaktari wetu, alinihamishia kituo cha afya cha kule chini ziwani, si mbali na Mbaha nilikozaliwa. Alikuwa mtawa mrefu mwenye maneno machache. Aliniita akasema, "Osmundi, huku juu wanakuheshimu. Nenda huko kwenu ukaone kama watakuheshimu pia." Hawakuniheshimu sana. Wazee waliokuwa wamenibeba mgongoni walikuja dirishani kunidai dawa bila kadi, na nilipowakatalia walikwenda kunishtaki kwa mama. Mama alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba yake, juu ya mteremko wa mchanga, ambako ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote mpaka milima ya upande wa pili. Jioni nilikula kwake ugali wa muhogo na usipa, visamaki vya ziwani, naye aliwatetea wote waliokuja kunishtaki. Niliishi vizuri miaka ile. Mke wangu alikuwa hai.

Niliporudishwa Mbinga kuwa Mkuu wa Kitengo cha Bima, mke wangu alikuwa amekwisha kuzikwa, na watoto Mungu hakutujalia. Nilipewa nyumba ya watumishi nyuma ya hospitali, vyumba viwili na jiko. Nilishukuru. Nilijizoesha kusali masifu ya jioni peke yangu kwa sauti, ili nyumbani pasikike mtu.

Katika miaka hiyo hospitali ilifungua wodi ya utengamao. Utengamao ni ile kazi inayobaki baada ya ugonjwa wenyewe kupita: kuufundisha mguu kukanyaga tena, mkono kushika kijiko, ulimi kutamka. Wagonjwa wake wengi walikuwa wazee waliopigwa na kiharusi, na wengine walioanguka kwenye miteremko ya mashamba wakavunja nyonga. Mtaalamu wa wodi aliitwa Skolastika, watu walimwita daktari wa mazoezi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono ya nguvu na utani usioisha. "Bibi, huu mguu ni wako au umeazima?" aliwauliza. "Basi uambie ufanye kazi."

Mfuko ulikubali kulipia utengamao kwa mtegemezi mzee mwezi mmoja tu katika mwaka. Mwezi wa pili uliwezekana kwa kibali, na kabla ya kibali alikuja mtu aliyeitwa mhakiki. Kazi ya mhakiki ilikuwa kumwona mgonjwa mwenyewe na kujibu maswali mawili: je, mazoezi yanamsaidia? Na je, bado hawezi kujitegemea? Yote mawili yakiwa ndiyo, mwezi unaongezwa. Mgonjwa akionekana hasaidiki, malipo yanakoma. Akionekana ameshajiweza, yanakoma vilevile. Ilibidi mzee awe katikati, anapona lakini hajapona.

Nilieleza jambo hili kwa familia nyingi. Mkulima mmoja wa Kitura, ambaye baba yake alikuwa wodini na binti yake mwalimu ndiye mchangiaji, alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kofia.

"Kwa hiyo mguu wa baba una tarehe ya mwisho, kama maziwa ya kopo?"

"Si mguu, mzee. Ni malipo."

"Na mguu umeshaambiwa?"

Meneja wa Kanda wa Mfuko, aliyekaa Songea, ndiye aliyekuwa na jibu. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani minene, na kila nilipompelekea malalamiko alisema, "Bwana Osmundi, fedha ni za wote. Mzee mmoja akikaa wodini mwaka mzima, kuna mama atakosa upasuaji. Lazima tukate mahali." Niliamini hivyo, na mpaka leo sioni kwamba alikosea. Ninachosema ni kwamba pale panapokatwa pana mtu.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, simu ilipokuja kutoka Mbaha kwamba mama ameanguka akitoka kuteka maji. Upande wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Tulimpandisha Mbinga kwa gari la misheni. Daktari alimtibu, uhai ukabaki, na baada ya muda alihamishiwa kwa Skolastika. Nilikuwa nimemwandikisha mama kuwa mtegemezi wangu tangu mwaka wa kwanza wa Mfuko, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuitumia kadi ile zaidi ya malaria.

Mama alikuwa na ombi moja. Alitaka kurudi kwake akiwa anatembea. "Sitaki kuingizwa nyumbani kwangu nikiwa nimebebwa kama gunia la muhogo," alisema. Na si fahari tu iliyomsukuma kusema hivyo. Pale mteremkoni, mtu asiyeweza kusimama na kupiga hatua hawezi kuishi peke yake, na ndugu zangu wote wawili walikuwa wametangulia mbele ya haki. Ama angetembea arudi Mbaha, ama angebaki Mbinga kwenye vyumba vyangu viwili, kwenye ukungu na baridi, katikati ya watu wanaozungumza Kimatengo. Alikuwa akilizungumzia ziwa kama mtu anavyomzungumzia mtoto aliyemwacha kwa jirani.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwanzoni aliketi, kisha akasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, mwisho akapiga hatua tatu akimtukana Skolastika kwa Kimpoto, lugha yetu ya ziwani. Skolastika, ambaye hakujua Kimpoto, alimjibu kwa Kimatengo, wote wawili wakacheka. Daktari wa mazoezi aliniambia kwa uhakika, "Mzee Osmundi, nipe mwezi mmoja mwingine na mama huyu anarudi ziwani kwa miguu yake. Bila mwezi huo, siahidi." Nikaomba kibali, na Mfuko ukasema mhakiki atakuja.

Utaratibu ulinikataza kuwepo chumbani, kwa kuwa nilikuwa mtumishi wa kitengo na ndugu wa mgonjwa. Jana yake nilikaa kitandani kwa mama nikamweleza kila kitu, kama nilivyowaeleza wengine. Nilimwambia mtu huyo anakuja kuangalia anachoweza na asichoweza. Nikamwambia asifiche udhaifu. Mama alitikisa kichwa na kuniuliza kama mtu huyo atakuwa amekula.

Yaliyotokea nilisimuliwa na muuguzi. Mhakiki alikuwa kijana mstaarabu, aliyetoka Songea asubuhi na vumbi la safari likiwa bado begani. Alibisha mlango, akasema, "Shikamoo bibi." Mama alikuwa ameamka mapema akaomba avalishwe kitenge kizuri. Aliposikia shikamoo akaushika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kulia, akasimama. Akasema, "Marahaba baba, karibu sana." Kisha, kwa mkono uleule, akakivuta kiti hadi mbele ya mgeni wake na kumwambia akae. Kijana akauliza hali. Mama akajibu, "Sijambo, baba. Namshukuru Mungu, nimepona kabisa. Hawa watoto wamenihudumia vizuri." Akamtuma muuguzi chai.

Kijana alipoondoka walimkuta mama anatetemeka mwili mzima. Walimlaza, na siku iliyofuata mguu wa kushoto haukuinuka hata kwenye vyuma.

Jibu la Mfuko lilikuja mezani kwangu, kama majibu yote yalivyokuja. Mgonjwa amesimama mwenyewe. Amehamisha kiti. Amesema amepona. Anajitegemea. Mhakiki hakuwa ameandika uongo hata neno moja.

Nilimpigia Meneja wa Kanda. Sikuwahi kumwomba chochote kwa ajili yangu.

"Bwana Osmundi, kijana wangu amesema uongo?"

"Hapana, Meneja."

"Mama hakusimama?"

"Alisimama. Kwetu mgeni hapokelewi mtu amelala. Angesimama hata angekuwa anakata roho."

"Hilo sina mahali pa kuliandika. Lakini nitamrudisha mara moja. Mwambie mama ajionyeshe alivyo."

Jioni nilikwenda wodini na rozari mfukoni na hoja kichwani. Seminari walitufundisha hoja. Nilimwambia mama kuwa kusema ukweli wa ugonjwa si kukosa shukrani. Nikamwambia hata Zaburi zimejaa vilio, na bado tunazisali kila siku.

"Zaburi zinamlilia Mungu," alisema mama. "Hazimlilii kijana wa watu aliyetoka Songea na vumbi."

"Mama, kijana yule ndiye mwenye kibali."

"Na mimi ndiye mwenye kitanda. Akija kwenye kitanda changu ni mgeni wangu. Nimwambie nini? Kwamba Mungu na Skolastika wamefanya kazi mwezi mzima, na mimi bado nalala?"

"Useme mguu unakataa."

"Nitasema," akakubali, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto. "Usiku umeingia, nenda ukale. Umekonda."

Kijana alikuja tena. Safari hii aliuliza vizuri zaidi, nasikia. Alimuuliza kama anaweza kusimama bila msaada. Mama akasimama. Alimuuliza kama mguu unamsumbua. Akajibu unasumbua kidogo, kama miguu ya wazee wote. Jioni nilipomuuliza, mama alikuwa amegeukia ukutani. "Aliniuliza kama naweza kusimama, nikasimama," alisema. "Kwani si ukweli?"

Malipo yakakoma. Katika kazi yangu yote niliwapa watu habari hiyo dirishani, wakiwa upande wao na mimi upande wangu wa nondo. Safari hii nilijipa mwenyewe. Kulipia wodi kutoka mfukoni kulizidi kile nilichotegemea kupata uzeeni, na kuomba upendeleo hospitalini nisingeweza, maana niliwakatalia wengi. Nikamchukua mama nyumbani kwangu, nami nikastaafu mwezi huohuo. Watumishi walinifanyia misa ya shukrani na kunipa blanketi. Nilirudi mapema, kwa kuwa mama alikuwa peke yake.

Skolastika alikuja siku za mwanzo baada ya kazi, akanionyesha namna ya kuukunja mguu na kuunyoosha, na namna ya kumshika mtu kiunoni asianguke. Lakini alikuwa na wagonjwa wake, na mama kwangu alikuwa mvivu. Nikimwambia asimame alisema amechoka, anaumwa, nimwache. Kwangu mimi mwanawe alilalamika yote ambayo mhakiki hakuyasikia. Alisimama pale tu wanajumuiya walipokuja kusali nasi. Wakipiga hodi, mama huyo ameshika meza, yuko juu. Wakikaa, naye ndipo anakaa. Nikaona siku za jumuiya mguu unapata nguvu, na siku nyingine unalegea. Halafu msimu wa kuchuma kahawa ukafika, watu wakahamia mashambani, na hodi zikakoma.

Basi siku moja asubuhi nilimpa uji, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikazunguka nyumba, nikasimama kwenye mlango wa mbele.

"Hodi humu ndani."

Kisha nikasikia meza ikilia.

"Karibu," alisema mama.

Niliingia nikamkuta amesimama. Alinitazama kwa macho makavu, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kiti. "Karibu ukae, baba. Umetoka mbali?"

"Nimetoka Mbaha, mama."

"Habari za Mbaha?"

Nikampa nilizozisikia kwa simu: usipa ni mwingi, mvua imebomoa njia ya kanisani, jirani yake ameezeka upya. Alizisikiliza zote amesimama, na mimi sikuketi haraka. Tuliendelea hivyo asubuhi na jioni. Akawa anamsogelea mgeni hatua moja, baadaye mbili, kumpa mkono. Nilimwita Skolastika aone. Alisimama mlangoni akatazama, hakufanya utani. Mama alifika mpaka kizingitini, akarudi kwenye kiti chake bila kushikwa, na mimi nikaanza kuulizia gari la kutushusha ziwani.

Kuna jambo ambalo sikulitarajia. Kwa mgeni yule mama alisema mambo ambayo hakuwahi kuyasema kwa Osmundi. Alisema, "Nina mwanangu hapa, mtu mwema, ila hana mtu. Nikiondoka hapa atakula na nani?" Nikamjibu kama mgeni, kwamba Mungu yupo. "Yupo," alisema. "Lakini hali ugali."

Siku moja ya baridi nilipiga hodi, meza haikulia. Nilipiga tena. Nikaingia. Alikuwa amekaa, ameweka mkono juu ya goti.

"Karibu, baba," alisema. "Nisamehe, sijasimama."

"Hali yako, mama?"

"Leo sijisikii vizuri."

Nilipiga magoti mbele ya kiti, maana nilielewa. Katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia akimjibu mgeni hivyo. Ndilo jibu ambalo Mfuko ulihitaji, na halikuwa na wa kuliandika. Padri alifika kumpaka mafuta matakatifu akiwa bado na fahamu. Tulimshusha Mbaha kwa gari nililokuwa nimeliulizia, tukampandisha mteremko ule wa mchanga mabegani mwetu, tukamzika mahali panapoonekana ziwa.

Sina uchungu na kazi yangu. Namshukuru Mungu kwa dirisha lile na kwa wote waliokuja mbele yake. Ila huku kustaafu kuna ukimya ambao hakuna aliyeniandaa kwa ajili yake. Kahawa imechanua mara kadhaa tangu wakati huo. Masifu nayasali bado kwa sauti.

Juzi alinipigia Editha, binti aliyechukua kiti changu kitengoni.

"Shikamoo mzee. Nina bibi mmoja hapa wodini, nyonga. Mhakiki anakuja kesho, na bibi ameshaanza kuulizia kitenge chake."

"Marahaba. Mwache avae. Mwombe mhakiki asiondoke salamu zikiisha. Anywe chai mpaka mwisho, aage, kisha akae barazani kidogo na kurudi ndani. Amtazame bibi anavyorudi kitandani. Huko ndiko kwenye majibu yake yote."

"Nitamwambia hivyohivyo, mzee. Ahsante sana." Nyuma yake nilisikia mtu akimwita. "Na wewe mzee, hali yako? Uko na nani huko?"

"Mimi sijambo, mwanangu," nilimjibu. "Namshukuru Mungu."

Akaniaga, nikaenda kupasha maharage.